Vipele vya Siku Tatu

Kabula ndiye aliyeyaona macho ya mtoto kwanza. Alikuwa amempakata mjukuu wake mlangoni, penye mwanga wa asubuhi, akimpangusa maziwa kidevuni, mara akanyamaza katikati ya neno. Akamgeuza mtoto upande wa jua, akamgeuza tena upande wa kivuli. Katikati ya mboni palikuwa na utando mweupe kama maji yaliyooshewa mchele. Jicho la pili lilikuwa vivyo hivyo.

"Nyanjige," aliita, "njoo uone ulichonizalia."

Nyanjige alitoka jikoni na unga mikononi. Aliyatazama macho ya mwanawe, akasema labda ni uchafu tu, maana watoto wengi huamka na tongotongo. Akachovya kona ya kanga kwenye maji ya uvuguvugu, akafuta taratibu. Utando haukutoka, maana haukuwa juu ya jicho bali ndani. Kabula alimwangalia mkwewe akifuta na kufuta, kisha akaondoka kwenda zizini.

Mtoto huyo aliitwa Januarius, jina la marehemu mume wa Kabula. Jilala, mume wa Nyanjige, alikuwa mwana pekee wa kiume katika kaya ile iliyo nje kidogo ya Dutwa, na mimba ilikuwa imesubiriwa tangu siku za harusi hadi watu wakaanza kuuliza waziwazi. Ilipokuja, Kabula alikwenda kanisani akatoa kuku wa shukrani. Mtoto alizaliwa mwezi wa pili, mdogo kama aliyefika kabla ya siku zake, ingawa siku zilikuwa zimetimia. Alinyonya kidogo, akachoka, jasho likamtoka kwenye paji la uso kama mtu aliyetoka kulima. Muuguzi wa zahanati aliwaambia wampe muda. Kuhusu macho, alisema hayo ni mambo ya Mwanza.

Kabla hawajapata nafasi ya kufikiria Mwanza, ikaja mvua ya mawe. Ilipiga mabati kwa kishindo mpaka Jilala na Nyanjige wakawa wanaonana midomo inacheza bila kusikilizana. Mbwa alijificha uvunguni. Mtoto alikuwa amelazwa kitandani, yuko macho, mikono yake imetulia juu ya kifua. Hakushtuka wala kulia. Nyanjige alisogea karibu yake akapiga makofi juu ya kichwa chake. Akapiga tena, kwa nguvu. Jilala alikuwa amesimama nyuma yake, na Nyanjige alipogeuka kumtazama, akainama kuokota mawe ya barafu yaliyoingia mlangoni, kana kwamba hiyo ndiyo kazi iliyokuwa imemleta ndani.

*

Mtoto kama huyo hakosi kutafutiwa sababu, na kwa Nyanjige sababu zilikuwa nyingi. Ilisemwa kwamba alikula udongo alipokuwa mjamzito, na ni kweli alikula, kama wanawake wengi wanavyokula. Ilisemwa kwamba alipanda baiskeli mpaka Lagangabilili na mzigo wa nguo mgongoni, na hilo nalo lilikuwa kweli. Tangu biashara ilipofunguliwa na marobota ya mitumba kuanza kufika mpaka vijijini, Nyanjige alikuwa akiuza nguo za watoto gulioni, na aliuza vizuri. Kabula hakuwahi kuipenda kazi hiyo. Alisema mwanamke anayezoea kushika fedha yake mwenyewe haoni haraka ya kushika mtoto.

Halafu likatokea jambo la vidonge. Jirani mmoja alikumbuka kumwona Nyanjige dukani kwa Kasmiri, wakati wa mavuno ya mwaka uliopita, akinunua kapsuli. Kasmiri alikuwa zamani karani wa duka la ushirika. Ushirika ulipolegea akafungua duka lake, na kwenye rafu moja alipanga sabuni, betri, panadol, na kapsuli za rangi mbili ambazo watu walizimeza kwa kila kitu, kuanzia jipu hadi kuhara. Kabula alifunga safari mwenyewe mpaka pale dukani. Kasmiri aliogopa. Mbele ya wateja akasema ndiyo, alimuuzia, lakini yeye ni muuzaji tu, hawezi kujua nani ana mimba na nani hana, na angejua asingeuza.

Kufikia jioni neno lilikuwa limeshazunguka: Nyanjige alitaka kuitoa mimba ile ili aendelee na biashara yake, dawa ikashindwa kumuua mtoto, ikamharibu.

Jilala alimuuliza akiwa amekaa kwenye kigoda, anafunga kamba ya ndoo ambayo haikuwa imekatika. Alitaka kujua kama ni kweli alinunua dawa. Nyanjige akasema ni kweli.

"Ulijua una mimba?"

"Sikujua. Ilikuwa bado changa."

"Uliumwa nini?"

"Viungo viliniuma. Na vipele kidogo usoni. Vilikaa siku tatu vikaisha."

Jilala aliitikia kwa kichwa. Hakusema kwamba anamwamini, na hakusema kwamba hamwamini. Alikuwa mtu mpole, tangu utotoni amezoea kwamba maneno mazito yanasemwa na mama yake au na baba yake mdogo, Mayunga, na kwamba yeye anakuja kuyatekeleza. Nyanjige alimngojea aseme neno moja zaidi. Alimngojea mpaka ugali ukapoa.

Gulioni wanawake waliendelea kumsalimu. "Ng'wadila, mayu," walimwambia kwa Kisukuma, wakimwita mama kama kawaida, kisha wakapita kwenda kwenye nguo za mwingine. Mmoja aliyekuwa mjamzito alirudi na gauni dogo la manjano alilolinunua wiki iliyopita. Hakusema lina kasoro gani. Alilikunja vizuri, akaliweka juu ya turubai, akasema hata asirudishiwe pesa, alitaka tu lisikae nyumbani kwake. Nyanjige alilichukua akalirudisha kwenye fungu. Baadaye, alipokuwa akifunga mzigo, alilitoa tena akamvalisha Januarius, maana lilikuwa zuri na hapakuwa na sababu ya kulitupa.

*

Mayunga alipanga kikao cha ukoo kifanyike kabla msimu wa pamba haujafunguliwa. Kila mtu alijua kitakachozungumzwa. Kama ni kweli mwanamke alitaka kuua mimba, atarudi kwao Maswa, na ng'ombe wa mahari watadaiwa.

Nyanjige hakulia. Alimwambia mumewe kwamba anaomba kitu kimoja tu: kabla hawajamrudisha, mtoto apelekwe Mwanza. Wakimfukuza baadaye, sawa, lakini mtoto awe ameonwa na mtu anayejua macho.

Labda ni kwa sababu hakulia ndiyo maana Jilala alimkubalia. Alitoa mtamba zizini na kumuuza bila kumwomba mama yake ruhusa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kabula alisimama uani akimtazama mtamba akiswagwa kwenda mnadani. Alisema yule ni uzao wa ng'ombe wa mume wake. Jilala akajibu kwamba mtoto naye ni uzao wa mume huyohuyo. Kisha akatembea haraka, kama mtu anayeogopa kwamba atageuka nyuma.

Hospitalini Mwanza walisubiri kwenye benchi refu mpaka nepi zote zikawa zimeloa. Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke wa makamo, sauti yake ya chini. Alimmulika mtoto kwa tochi ndogo, akaweka mpira wake wa kusikilizia kifuani akasikiliza kwa muda mrefu, akauondoa, akaurudisha tena. Akapiga bakuli la chuma nyuma ya kisogo cha mtoto. Kisha akawaita wanafunzi wake. Walikuja vijana wenye makoti meupe, wakamzunguka Januarius, mmoja mmoja wakainama kuangalia macho yake na kusikiliza moyo wake, wakiambiana maneno ya Kiingereza. Mmoja alitabasamu kwa furaha ya kuona kitu alichokuwa amekisoma tu kitabuni. Nyanjige alishika mguu wa mwanawe uliokuwa umebaki nje ya lile duara la watu, akaushikilia mpaka walipomaliza.

Wanafunzi walipoondoka daktari alivuta kiti akakaa karibu nao.

"Mimba ilipokuwa changa, mwezi wa kwanza, wa pili, uliwahi kupata homa na vipele?"

Jilala aligeuka kumtazama mkewe. Nyanjige akasema alipata, lakini vilikuwa vipele vidogo mno, hata shughuli zake hakuziacha. Daktari akauliza kama nyumbani palikuwa na mtoto mwenye vipele kama hivyo. Nyanjige alifikiri kidogo. Alipokumbuka, aliona vibaya kusema, lakini akasema.

Alikuwapo Domitila, binti wa wifi yake Felisita. Felisita alikuwa ameolewa karibu na kinu cha pamba cha Maswa, na wakati wa mavuno alimleta binti yake kwa bibi yake, Kabula, ili apate mtu wa kumwangalia. Domitila alifika na homa, vipele, na uvimbe nyuma ya masikio. Nyanjige ndiye aliyelala naye, akimfuta jasho, akimlisha uji. Baada ya siku chache mtoto alikuwa uani anacheza.

Daktari aliwaeleza polepole. Ugonjwa ule ni kama surua, lakini si surua yenyewe. Mtoto akiupata ni jambo dogo. Mtu mzima akiupata ni jambo dogo. Lakini ukimpata mwanamke mwenye mimba changa, unapita kwake bila kumuumiza unakwenda kwa kiumbe kilicho tumboni, na huko ndipo unapofanya kazi: macho, masikio, moyo. Unavikuta vinaumbwa, unaviharibu.

Jilala aliuliza kuhusu kapsuli. Daktari akasema mwanamke asimeze dawa za dukani ovyo, hasa zile, na akasema kwa ukali kidogo. Lakini si kapsuli zilizofanya hivi, wala udongo, wala baiskeli.

"Sasa nilikosea wapi?" Nyanjige aliuliza.

"Hukukosea, mama. Ulimuuguza mtoto."

Jibu hilo halikumpa Nyanjige faraja. Alikuwa ameuliza kwa matumaini. Kosa lingekuwa kitu ambacho mtu anaweza kukitubu. Akauliza kuhusu macho. Daktari akasema macho yangeweza kupasuliwa, ule utando ukatolewa, akaona japo kidogo. Ila kwa upasuaji ni lazima alazwe usingizi, na moyo wake usingestahimili. Akue kwanza, apate nguvu.

"Na moyo?"

"Huo hatuna namna ya kuutengeneza hapa."

"Masikio je?"

"Masikio hayarudi."

Jilala alikohoa, akauliza kama mtoto atakua kufikia hizo nguvu. Daktari alimwinua Januarius kutoka kitandani, akamfunika vizuri na kumrudisha kwa mama yake. Akasema wamlete tena baada ya miezi mitatu, wampime uzito.

*

Basi lilisimama Lamadi, na Jilala akashuka akanunua sato wa kukaanga. Alikuwa mtu mwingine. Alikula kwa hamu, akaongea na abiria wa mbele juu ya makampuni ya pamba na bei zitakavyokuwa. Alimwambia mkewe kwamba sasa watu hawana la kusema tena, daktari mwenyewe ametamka, na yeye atasimama mbele ya baba mdogo aeleze neno kwa neno.

Nyanjige aliona jinsi mabega ya mumewe yalivyoshuka, kama mtu aliyetua gunia. Hakumchukia kwa hilo. Ila alijiuliza inawezekanaje wametoka chumba kimoja, wamesikia maneno yale yale, na mwenzake ametoka na nafuu. Alimwomba asilitaje jina la Domitila. Jilala akasema bila Domitila hadithi haina kichwa. Watauliza ugonjwa ulitoka wapi, na akishindwa kujibu watasema amefundishwa na mkewe. Nyanjige alijua kwamba hilo ni kweli.

Siku ya kikao watu walikaa uani kwa Kabula. Mayunga alikuwa kwenye kiti cha kukunja, fimbo mapajani. Felisita alikuwa amekuja kutoka Maswa kusaidia kupika, na Domitila naye alikuwapo, amekua, amepoteza jino la mbele, anawakimbiza kuku. Nyanjige alikaa kwenye mkeka na Januarius akiwa amelala kifuani pake.

Jilala alisimama akasema yote. Alisema vizuri kuliko alivyotarajiwa. Alipofika kwenye vipele, Mayunga alimkatiza.

"Vipele vya watoto? Kila mtoto hapa Dutwa alivipata mwaka jana. Mbona wengine wamezaa salama?"

Jilala akaeleza habari ya mimba changa. Wazee wawili watatu walinong'ona. Mmoja alisema alishawahi kuona ng'ombe akizaa ndama kipofu baada ya ugonjwa kupita zizini, na kwamba jambo hilo haliko mbali na akili. Maneno yale ya ng'ombe yaliwaingia kuliko maneno ya daktari. Mayunga alichora ardhini kwa ncha ya fimbo.

"Na huyo mtoto mgonjwa," aliuliza hatimaye, "kwa nini alilala kwa mkwe? Mtoto aliletwa kwa bibi yake. Nani alimpeleka kwa Nyanjige?"

Jilala aliangalia chini. Hapo ndipo hotuba yake ilikuwa imeishia, hakuwa amewaza zaidi ya hapo. Nyanjige alijua jibu, na alijua kwamba likitoka kinywani mwake litaitwa kisasi. Alirekebisha shuka la mtoto.

"Mimi," alisema Kabula.

Alikuwa amekaa pembeni, karibu na jiko. Hakuinua sauti.

"Nyumba yangu ilikuwa imejaa pamba mpaka kwenye paa. Tulikuwa tunangojea kampuni nyingine ije na bei nzuri. Mtoto hakuwa na pa kulala. Nikamwambia Nyanjige, chukua huyu, lala naye, mpaka homa iishe. Akasema amechoka, ametoka gulioni. Nikamwambia wewe huna mtoto, utachokaje."

Alipomaliza alinyanyuka, akageuza kuni jikoni, akabaki amesimama akiwapa mgongo.

Felisita alikuwa ameshika mwiko. Alimtazama Mayunga, akamtazama kaka yake. "Kwa hiyo mnasema mwanangu ndiye aliyempofusha mtoto wenu?"

Watu kadhaa wakasema kwa pamoja kwamba hakuna aliyesema hivyo. Lakini hakuna aliyeweza kusema ni nini hasa kilichosemwa. Felisita aliweka mwiko chini, akamwita binti yake, akamfunga kanga kiunoni kwa haraka, ikawa kama anamwadhibu. Domitila aliuliza kama hawali kwanza. Mama yake alimshika mkono wakaondoka kwenda barabarani kungojea gari la Maswa, na hakuna aliyewasindikiza.

Mayunga alitangaza kwamba shauri la ng'ombe limefutwa. Mwanamke hana hatia. Alilisema kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. Wazee wakaitikia, mmoja akasema ni kazi ya Mungu, mwingine akamkumbusha Jilala kwamba yuko mganga mzuri upande wa Itilima, kujaribu hakudhuru. Kisha wakaondoka mmoja mmoja, wengi bila kula. Walikuja kutafuta mwenye kosa, na sasa kwa kuwa aliyepatikana alikuwa bibi kizee aliyemhurumia mjukuu wake mgonjwa, hawakujua wafanye naye nini.

*

Baada ya hapo palikuwa kimya. Nyanjige hakutegemea kwamba kimya kingekuwa kigumu kuliko maneno. Wakati wa masengenyo aliamka kila siku akiwa na mtu wa kumjibu moyoni: Kabula, Kasmiri, wanawake wa gulioni. Sasa hapakuwa na wa kujibiwa. Alikuwapo mtoto tu, anayenyonya, anayechoka, anayetokwa jasho, ambaye uzito wake haukupanda. Watu walimsikitikia kwa dhati, wakarudi kununua nguo zake, na hakuna kilichobadilika. Kasmiri aliondoa kapsuli kwenye rafu ya mbele akaziweka ya nyuma.

Kabula hakuomba msamaha. Alifanya kazi zake, akakama, akafagia zizi. Hakumpakata tena Januarius. Akipita karibu na mkeka wake alizunguka mbali, kama mtu anayekwepa kumkanyaga.

Alasiri moja alikuja na kibuyu cha maziwa, akakaa kwenye kigoda mlangoni kwa Nyanjige. Aliongea juu ya ng'ombe mmoja aliyekataa kukamwa, akaongea juu ya Felisita ambaye hajatuma salamu. Mtoto alikuwa mapajani kwa mama yake, ameamka, uso wake umeelekea mahali pasipo na kitu.

"Anakujuaje wewe?" Kabula aliuliza ghafla. "Hakuoni. Hakusikii. Anajuaje kwamba ni mama yake?"

Nyanjige alisita, kwa sababu ni jambo alilokuwa hajamwambia mtu, hata Jilala. Akasema humpulizia. Akitaka kumnyanyua humpulizia kwanza usoni, polepole, ili asishtuke. Akainama akaonyesha. Pumzi ilipogusa shavu la Januarius, mikono yake ilifunguka, na kinywa kikafanya tabasamu dogo la upande mmoja.

Kabula aliutazama uso ule kwa muda. Kisha akanyoosha mikono, na Nyanjige akampa mtoto. Bibi kizee akamlaza kwenye mkunjo wa kiwiko chake, akainama, akampulizia kama alivyoona.

Mtoto alikunja uso. Akageuza kichwa upande mwingine, akatafuta, mikono ikipapasa hewani.

"Hanijui," Kabula alisema.

"Atazoea, mayu."

Kabula aliinama tena akapuliza, polepole zaidi, na safari hii aliongeza maneno kwa Kisukuma, akimwambia kwamba ni yeye bibi yake, kwamba yuko hapa, ingawa alijua vizuri kwamba hasikii. Januarius alianza kulia, kilio chake chembamba kinachokatika katikati kwa kukosa pumzi. Nyanjige alinyoosha mikono kumpokea. Akaona jinsi Kabula alivyokuwa amemkumbatia, hataki kumwachia, akairudisha mikono yake mapajani, akangoja.